Kabaddi: kugusa si kazi, kazi ni kurudi

Novemba 2025, Kombe la Dunia la kabaddi la wanawake lilipochezwa Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh, orodha ya timu ilikuwa na majina matatu ya huku kwetu: Kenya, Uganda na Zanzibar. Barazani tunapokunywa kahawa, habari iliingia kupitia simu ya kijana mmoja, na hakuna aliyeuliza kama tutashinda. Waliuliza kabaddi ndiyo nini. Mzee mmoja akasema ni mieleka. Mwingine, mpenzi mkubwa wa sinema za Kihindi, akashikilia kwamba ni aina ya karate. Video ilipofunguka likazuka swali lililowashinda wote: mbona yule binti anaongea peke yake?

Si mieleka wala karate, na yule binti hakuwa anaongea na mtu. Tutamfikia. Kwanza mchezo wenyewe, ambao kiini chake kinaelezeka kabla kahawa haijapoa.

Kuna timu mbili, kila moja ina watu 7 uwanjani. Hakuna mpira, hakuna fimbo, hakuna goli. Uwanja umekatwa katikati kwa mstari mmoja, na kila timu ina nusu yake. Kwa zamu, timu moja inamtuma mtu mmoja, peke yake, avuke mstari aingie nusu ya wapinzani, aguse mmoja wao au zaidi, kisha arudi kwake. Wapinzani wanataka asirudi. Anayekwenda tumwite mvamizi, wanaomsubiri tuwaite walinzi, na safari yake hiyo ni uvamizi. Akirudi salama, zamu inahamia kwa wenzao, nao wanatuma wa kwao.

Kila aliyekulia mtaani ameshawahi kufanya hivi bila kujua jina lake. Unaruka ukuta wa jirani kuchuma maembe. Kuingia si kazi, embe lenyewe linaning'inia hapo. Shughuli inaanza pale mlango wa jikoni unapofunguka na mwenye nyumba akasimama kati yako na ukuta. Kabaddi imechukua dakika hiyo moja ikaifanya mchezo mzima, na sheria zake karibu zote, hata zile zinazoonekana za ajabu, zinajibu maswali mawili tu: uende ndani kiasi gani, na kurudi maana yake nini hasa.

Mvamizi akigusa mlinzi na kurudi, yule aliyeguswa anatoka nje na timu ya mvamizi inapata pointi 1. Akigusa watatu, watatu nje, pointi 3. Walinzi nao wakimkamata wakamzuia asirudi, yeye ndiye anayetoka, na wao wanapata pointi 1. Hadi hapo ni rahisi. Kinachowachanganya watazamaji wapya ni kwamba waliotoka wanarudi. Unamwona mtu ametolewa, unageuka kuchukua kashata, ukitazama tena yumo uwanjani.

Hapa waliocheza kombolela wako mbele ya wenzao. Katika kombolela, waliokamatwa husimama pembeni wakisubiri mmoja aliyebaki mafichoni awahi kituo, apige kelele, na wote wawe huru. Kabaddi ina ukombozi wa aina hiyo, ila wa hesabu: mmoja kwa mmoja. Kila mpinzani mnayemtoa, mwenzenu mmoja aliyeko nje anarudi, na aliyetangulia kutoka ndiye anayetangulia kukombolewa. Kwa hiyo pointi moja ina thamani mbili kwa wakati mmoja. Imeongeza namba kwenye ubao, na imekurudishia mtu.

Timu inayobaki na watu wawili iko taabani, maana watu wawili kumzuia jitu lenye mbio ni shida. Wakitolewa wote, wapinzani wanapewa pointi 2 za ziada, jambo ambalo Wahindi huliita lona, na timu iliyofutika inarudi yote, saba kamili, kuanza upya. Ndiyo maana mechi inayoonekana imekwisha inaweza kugeuka. Wanaume hucheza dakika 40, vipindi viwili vya dakika 20.

Sasa yule binti.

Sheria inasema mvamizi anapovuka mstari lazima awe anatamka "kabaddi, kabaddi, kabaddi" mfululizo, kwa pumzi moja, kwa sauti ambayo refa anaisikia. Akikata, ametoka. Watu wengi wakisikia hivyo wanadhani ni dua, au yoga, au namna ya kumtisha adui. Ni saa. Mchezo huu ulikulia vijijini, kwenye viwanja vya udongo, ambako hakuna mtu aliyekuwa na saa ya kupimia mvamizi akae upande wa wenzake muda gani. Kila mtu alikuwa na mapafu, basi pumzi ikawa kipimo, na neno likawa ushahidi kwamba pumzi haijavutwa. Huwezi kuvuta hewa ukiwa unatamka. Jaribu sasa hivi hapo ulipo uone.

Neno lenyewe halikuwa moja kila mahali. Huko India, jimbo la Maharashtra walitamka hu-tu-tu, jimbo la Tamil Nadu sadugudu, na Wabengali ha-du-du, na kila pahali mchezo ukachukua jina la kile kinachotamkwa. Siku hizi kuna saa ya umeme inayompa mvamizi sekunde 30, kwa hiyo pumzi si kipimo pekee tena. Lakini kutamka kumebaki kwenye sheria, na nafurahi kwamba kumebaki. Ukiondoa sauti ile, kabaddi inapoteza kitu ambacho hakuna mchezo mwingine unacho.

Tuutazame uvamizi mmoja kwa karibu.

Mvamizi anavuka akiwa ameinama kidogo, mikono imetangulia, midomo inacheza. Walinzi saba wamejipanga kama mwezi mwandamo, wawili wawili wameshikana mikono. Anakwenda kushoto, mnyororo unasogea naye. Anakwenda kulia, nao hao. Sekunde kumi zimepita, hakuna kilichotokea, na mtazamaji mgeni ameshaanza kutafuta simu yake. Kisha mlinzi wa pembeni anasogeza mguu mmoja mbele, unyayo tu, na mvamizi anautupia ncha ya kidole cha mguu. Amegusa. Anageuka kukimbia. Mlinzi wa pili amemdaka kifundo, wawili wengine wamemvaa kiunoni, na wote wanaanguka chini kwa kishindo. Mvamizi yuko chini ya rundo la watu. Mkono wake unanyooka, unakwaruza, na ncha ya kidole cha kati inaupita mstari wa katikati.

Pointi 4.

Kwa nini nne, na aliyeguswa ni mmoja? Kwa sababu kumshika mvamizi nako ni kugusana. Akifanikiwa kurudi, kila aliyemshika ametoka pamoja na yule wa kwanza. Na kurudi hakuhitaji mwili mzima. Kiungo chochote kikigusa upande wake akiwa bado ni halali, amefika nyumbani. Lau kidole kile kingekwama sentimita mbili kabla ya mstari, walinzi wangepata pointi 1 yao. Mlinzi anapoamua kuruka anaweka rehani nafasi yake mwenyewe na ya kila mwenzake atakayemsaidia, kwa faida ya pointi moja. Ndiyo maana wanasubiri, wanasubiri, halafu wanaruka kwa pamoja. Kinachoonekana kama woga ni hesabu.

Na ndiyo maana si mieleka, japo nguvu ya mieleka inasaidia. Mwana mieleka anataka kukulaza. Hapa ukilazwa ukiwa umegusa mstari, umeshinda. Kumbana mvamizi mdomo ili akate pumzi ni kosa, kumvuta nywele ni kosa, kumkaba kwa mkasi wa miguu ni kosa. Refa ana kadi tatu: ya kijani ni onyo, ya njano inakuweka nje dakika 2, nyekundu unakwenda kuoga.

Mistari

Uwanja wa wanaume una urefu wa mita 13 na upana wa mita 10; wa wanawake ni 12 kwa 8. Mashindano makubwa huchezwa juu ya mkeka wa sponji. Nasema mkeka wa kukanyaga, vijana wa kubeti msiniandame.

Kila nusu ina mistari miwili ya ndani. Wa kwanza, kwa wanaume, uko mita 3.75 kutoka katikati, na mvamizi asiyegusa mtu lazima auvuke kabla ya kurudi, la sivyo ametoka. Bila sharti hilo wangekuwa wanachungulia mlangoni na kukimbia. Wa pili uko mita 1 mbele zaidi, nao ni mstari wa bonasi: ukiuvuka kwa mguu mmoja huku mwingine uko hewani, unapata pointi 1 hata kama hukugusa mtu, ili mradi walinzi waliopo ni 6 au zaidi. Pointi hiyo haimkomboi mtu. Ni zawadi ya ujasiri, basi.

Je, mvamizi akienda, akavuka mstari wa kwanza, akarudi mikono mitupu? Inaruhusiwa. Lakini timu ikifanya hivyo mara mbili mfululizo, uvamizi wa tatu ni wa kufa na kupona: lete pointi au utoke. Na kwa upande wa pili, walinzi wakibaki watatu au pungufu kisha wakamkamata mvamizi, wanapewa pointi ya ziada. Sheria hizi mbili ndizo zilizoufanya mchezo ufae kwenye televisheni, maana zamani timu iliyotangulia iliweza kuvuta muda hadi watu wakasinzia.

Ukitaka kujua hesabu hizi zinafika wapi, mchukue Pardeep Narwal, enzi zake za Patna Pirates. Mwaka 2017, katika mechi ya mtoano ya ligi ya kulipwa ya India dhidi ya Haryana Steelers, alirudi kutoka uvamizi mmoja na pointi 8. Walinzi waliokuwa uwanjani walikuwa sita, akawatoa wote sita. Na kwa kuwa hakubaki mtu, zikaongezwa mbili za lona. Sifa yake kubwa ilikuwa kuzama: walinzi wanaposhikana mikono kumfungia njia, yeye anapita chini ya mikono yao.

Baraza la nyumba

Pembeni mwa uwanja, kushoto na kulia, kuna ukanda wa mita 1. Nitauita baraza, kwa sababu una tabia za baraza. Je, baraza ni ndani ya nyumba au nje? Inategemea kama mgeni ameshapokewa. Kabla mvamizi hajagusana na mlinzi yeyote, baraza ni nje, ukilikanyaga umetoka. Wakishagusana, baraza linakuwa sehemu ya nyumba, na wote wanaweza kulitumia kukimbia na kukamatana.

Jambo dogo hili lilisimamisha fainali. Oktoba 2023, kule Hangzhou, China, wanaume wa India na Iran walikuwa wanagombea dhahabu ya Michezo ya Asia. Matokeo yalikuwa 28 kwa 28, zimebaki chini ya dakika mbili. Nahodha wa India, Pawan Sehrawat, akaingia kwa uvamizi wa kufa na kupona. Katika kukwepa akakanyaga baraza bila kumgusa mtu, na walinzi wa Iran wakamfuata hukohuko kumkamata.

Nani ametoka? Iran wakasema: yeye, peke yake, na tangu alipokanyaga pale uvamizi ulikuwa umekufa. India wakasema: sawa, yeye ametoka, lakini na hao waliomfuata barazani kabla ya kugusana nao wametoka. Waamuzi wakatoa uamuzi, wakaugeuza, wakaugeuza tena. Wachezaji wakakaa chini kwenye mkeka. Karibu saa nzima ikapita, watu wazima wakijadili baraza ni ndani au nje. Mwishoni India wakapewa pointi 3 na Iran 1, na mechi ikaisha 33 kwa 29. Wairani hawajaisahau, na mimi siwalaumu. Sheria inayoweza kusomwa kwa namna mbili haifai kukutwa dakika ya 39 ya fainali.

Yanayosemwa na yasiyo kweli

La kwanza ni kwamba kabaddi ni mchezo wa taifa wa India. India haina mchezo wa taifa uliotangazwa rasmi. Wengine hudhani ni mpira wa magongo, nao wanakosea vilevile. Nchi ambayo kabaddi ni mchezo wake wa taifa ni Bangladesh, na huenda ndiyo sababu Dhaka ilipokea Kombe la Dunia lile la wanawake kwa moyo mkunjufu.

La pili ni kwamba una umri wa maelfu ya miaka na umetajwa katika Mahabharata, utenzi wa kale wa India. Hadithi inayotolewa ushahidi ni ya kijana Abhimanyu aliyepenya peke yake ndani ya duara la askari, akajua kuingia asijue kutoka. Mfano ni mzuri, hata mimi ningeutumia. Lakini kufanana na mchezo si kuwa mchezo. Kinachojulikana kwa uhakika ni cha karibu zaidi: mwaka 1936 kikundi kutoka Amravati, Maharashtra, kiliuonyesha Berlin wakati wa Olimpiki, mwaka 1950 likaundwa shirikisho la India nzima, na mwaka 1990 ukaingia Michezo ya Asia ya Beijing kama mchezo wa medali. Olimpiki yenyewe haujaingia.

La tatu, kwamba India haifungiki. Wanaume wao walitwaa dhahabu zote saba za Michezo ya Asia kuanzia 1990 hadi 2014, kwa hiyo dhana hiyo ilikuwa na msingi. Ila mwaka 2018, Jakarta, Iran iliwatoa nusu fainali kwa 27 kwa 18, na siku moja baadaye wanawake wa Iran wakawafunga wanawake wa India 27 kwa 24 kwenye fainali. Kocha wa wanawake hao wa Iran alikuwa Mhindi, Shailaja Jain wa Nashik. Mwalimu ni mwalimu.

La nne si uongo, ni mkanganyo. Ukitafuta kabaddi mtandaoni utakutana na video za wanaume wenye misuli ya kutisha, vifua wazi, kwenye uwanja wa duara wa majani, mara nyingi Punjab au kwenye jamii za Wapunjabi Canada na Uingereza. Hiyo ni kabaddi ya duara, ndugu wa mbali. Kule mvamizi hupambana na mlinzi mmoja, na aliyeshindwa hatoki nje, kwa hiyo hakuna kukomboana. Yote niliyoeleza hapa hayahusu duara. Wala usichanganye na kho-kho, mchezo mwingine wa Kihindi ambapo timu inayokimbiza huchuchumaa mstari mmoja, na mkimbizaji humpa mwenzake zamu kwa kumgusa mgongoni na kutamka "kho".

Kwa namna gani kitu cha vijijini kikafika kwenye simu ya kijana wa barazani? Jibu fupi ni ligi ya kulipwa, Pro Kabaddi, iliyoanza Julai 2014 ikiwa na timu 8 na baadaye 12. Udongo ukaachwa, mkeka ukaja, taa zikawashwa, na wenye majina wakanunua timu. Bingwa wa msimu wa kwanza, Jaipur Pink Panthers, ni timu ya Abhishek Bachchan. Ndiyo, mtoto wa Amitabh. Yule mpenzi wa sinema barazani aliposikia hivyo akaacha habari za karate.

Kenya ndiyo iliyotutangulia. Ilikuwamo kati ya timu 12 za Kombe la Dunia la wanaume la 2016 kule Ahmedabad, ikazifunga Poland na Marekani, na mwaka 2018 ikaalikwa Dubai kwenye mashindano ya timu 6 pamoja na India, Pakistan, Iran, Korea Kusini na Argentina. Baadhi ya wachezaji wake wamesajiliwa kwenye ligi ya India. Vifaa si tatizo kwa nchi kama zetu, kwani havihitajiki vingi: chokaa ya kuchorea mistari, uwanja laini, na watu 14. Kinachokosekana ni waamuzi wanaoijua sheria, hasa ile ya baraza.

Ukipata mechi ya kutazama, macho yako yatataka kumfuata mvamizi. Yazuie kidogo. Mtazame mlinzi wa pembeni kabisa, ule upande ambao mvamizi anaupa mgongo, uone anavyonyata nyuma yake nusu hatua kwa nusu hatua, mikono chini, macho kwenye kifundo cha mguu.